Mstari wa Boti ya Yared

Baba mkubwa Melkizedek alikuwa ameshaamua. Jumamosi tungezika mgomba, kwa kuwa mafuriko hayakutaka kuturudishia mwili wa kaka yangu Yared, na msiba hauwezi kukaa wazi mwaka mzima. Mgomba unakatwa urefu wa mtu, unavishwa sanda, unaombewa, unazikwa, watu wanarudi mashambani. Nilimwambia mimi siziki mgomba. Akaniambia, "Angela, basi tuletee mtu." Siku hizo nilikuwa nimekufa ganzi, hata ugali niliutafuna kwa sababu tu ulikuwa mdomoni.

Boti waliikuta imepinduka kwenye mkonge wa zamani kule Rudewa. Ilikuwa ya watu wa mradi waliokuja kupima kina cha mto, na Yared ndiye waliyemwajiri kuiendesha. Maji yalipoingia kwetu Kimamba wao walikuwa Morogoro, kwa hiyo Yared akaichukua, akawa anatoa watu bondeni na kuwapandisha kwenye tuta la reli. Jioni aliondoka tena peke yake, hakurudi. Vijana walipekua Rudewa yote hadi wakachoka. Kilichobaki mikononi mwetu ni mashine ya boti, ile yenye kioo, inayoonyesha kina cha maji na kukumbuka njia ambazo boti imepita.

Mimi na wifi yangu Raheli, mke wa Yared, tukaipeleka Mikumi. Kilosa mjini hakuna fundi aliyetaka kuigusa. Walituelekeza kwa Gerald, anayefunga vifaa vya kufuatilia malori ya barabara kuu. Tulikuwa tumeifukia kwenye ndoo ya mchele ili ikauke, maana kwetu simu ikilowa dawa yake ni hiyo. Gerald alipoitazama tu, akaanza kuchokoa punje za mchele kwenye tundu la umeme kwa sindano.

"Jamani mama zangu, mlitaka kuipika?"

Raheli alicheka kidogo. Nilimchukia kwa kicheko kile.

Gerald alichomoa kadi ndogo ubavuni mwa mashine, akaichomeka kwenye laptop. Ilikuwa tupu. Nikachukua mkoba wangu, nikasimama.

"Kaa, dada," alisema. "Hizi haziandiki njia kwenye kadi mpaka uziamuru. Kama ipo, imo humu ndani ya mashine yenyewe."

Ikabidi aiwashe, na waya wake ulikuwa umekatika. Aliunga vipande kwenye betri ya pikipiki. Kioo kikawaka, kikazima. Akaulaumu mchele wetu, akasafisha tena. Safari hii kikawaka kikatulia. Akaiamuru ihamishie kumbukumbu zake kwenye kadi, akasubiri, akairudisha kadi kwenye laptop. Faili lilikuwepo. Akalifungua juu ya ramani.

Ulikuwa mstari mwekundu tu. Ulikwenda na kurudi kati ya bonde na reli, ukijirudia mpaka ukawa mnene. Kila kurudi ni watu waliopona, niliwaza, nikategemea nitalia. Machozi hayakuja. Kisha mstari ukaachana na njia yake, ukashuka peke yake upande wa chini, ukaanza kuzunguka mahali pamoja, mizunguko midogo midogo.

"Hapa injini inafanya kazi," Gerald alisema, akionyesha kwa ile sindano. "Hapa imezimwa, boti imesimama, nadhani ameifunga mahali. Halafu kuanzia hapa inafuata maji tu mpaka Rudewa, hakuna anayeiendesha. Poleni sana. Kama mnatafuta alipoachana nayo, ni hapa."

"Hapo ni kwangu," Raheli alisema.

Nikamgeukia. Yeye na watoto walikuwa wameondoka asubuhi ile ya mafuriko kwa bodaboda kwenda Mvumi kwa shangazi yake, kabla maji hayajafika. Mtandao ulikuwa umekatika, hakuweza kumwarifu mumewe.

"Alifuata nini kwenye nyumba tupu?" nikamuuliza.

Raheli hakuondoa macho kwenye kioo. "Niliacha taa ya sola inawaka ndani. Na redio. Wezi wadhani tumo."

Kila mtu bondeni hufanya hivyo akisafiri, hata mimi. Mlangoni alikuwa ameweka kufuli, lakini maji yalishafika madirishani. Hilo kufuli nani angeliona?

Nikangoja hasira. Mimi hasira haichelewi kunipanda, muulize yeyote Kimamba. Siku ile haikuja, na kukosekana kwake kuliniogopesha.

Nikampigia baba mkubwa. "Shikamoo, baba. Acheni huo mgomba. Mtafuteni kwake, hapo hapo nyumbani."

"Marahaba. Hapo tunapita kila siku, Angela."

"Basi piteni na majembe."

Walimkuta kesho yake chini ya ukuta wa jiko ulioanguka, kwenye tope lililokwisha kukauka juu. Tukamzika yeye mwenyewe. Nilidhani nitapata nafuu, lakini nilichopata ni usingizi.

Baada ya mazishi wanawake tulikuwa tumekaa kwenye mikeka. Jirani yetu Mwanvua, ambaye mdogo wake alikufa maji akisubiri boti, akashindwa kujizuia.

"Mungu anisamehe," alisema, "lakini watu wako juu ya mapaa, Yared anakwenda kuangalia vyombo vyake?"

Nikafungua mdomo niseme uongo, wowote ule, kwamba aliitwa na mtu, kwamba maji yalimsukuma. Raheli akaniwahi. Alisema akiwa ameinamisha kichwa, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Hakufuata vyombo. Aliona taa. Alikuja kunichukua mimi, na mimi sikuwamo."

Mwanvua ndiye aliyelia. Sisi wawili tulibaki tumekaa.