Pazia la Emmota

Miaka kumi na miwili Hawise hakuuona uso wa bintiye, ingawa kila Ijumaa walizungumza. Emmota alijifungia kwa hiari katika kijichumba kilichoshikana na ukuta wa kanisa, aishi humo kwa sala hadi kufa. Askofu alimsomea sala za maiti, kama mtu aliyekwisha kuifia dunia, mwashi akaziba mlango kwa mawe. Likabaki dirisha dogo lenye pazia jeusi, na kiapo kwamba pazia halifunuliwi.

Watu walivyomiminika pale, we acha tu. Wakubwa wenye majoho ya manyoya, waliokuwa wakiuana kwa sababu ya kiti cha ufalme, walipanga foleni kumwomba ushauri msichana aliyefundishwa na Hawise kukamua mbuzi. Hawise naye alipanga foleni, jibini kwapani.

"Unakula, mwanangu?"

"Nakula, mama."

"Usinidanganye. Nyie watakatifu mnajinyima mpaka mnabaki mifupa."

"Mama, nyuma yako kuna mwinyi mwenye jeshi anasubiri."

"Asubiri. Yeye hakukuzaa."

Maskini, alitamani mno kumwona. Macho yake yalikwisha kuingia ukungu, na siku moja akashindwa kujizuia. "Nikuone mara moja tu, kabla hayajazima."

Vuli ile, mwinyi mmoja aliyepatanishwa na nduguye kwa ushauri wa Emmota alimuuliza anataka zawadi gani. Emmota angeweza kuomba shamba na kinu chake cha kusagia nafaka. Badala yake aliomba amsemee kwa askofu, aruhusiwe kufunua pazia mara moja kwa ajili ya mama yake. Ruhusa ilifika Pasaka.

Lakini kufikia Pasaka Hawise alikuwa haoni kitu. Alikuja akipapasa ukuta, na moyo ukakataa kusema. Angemwambiaje, na mtoto kaomba jambo hilo moja tu?

Akasikia pete za pazia zikiteleza.

"Umeniona, mama?"

"Nimekuona. U mzuri vilevile. Ila umekonda, nilijua tu."

"Mama," Emmota akasema polepole, "kwa jibini lako na maandazi ya waheshimiwa wote hawa, nimenenepa hadi kiti kinalia."

Hawise akainamisha kichwa.

"Nipe mkono. Barua ya askofu haikukataza mkono."

Akauvuta dirishani, akauweka shavuni pake. Shavu lilikuwa limejaa, na lilikuwa limelowa.

"Kweli umenenepa," Hawise akasema.

Nyuma yao waheshimiwa wakaanza kunung'unika. Hawise hakuuondoa mkono.