Kivimbe cha Bi Swafiya

Bi Swafiya alikuwa anakoroga halua ya wageni wa posa ya bintiye Zuwena, mwanawe Msellem alipopiga honi nje. Akaepua sufuria, akavaa abaya, akatoka mbio. Msellem alijua anampeleka mama kliniki kupima sukari tu.

Kliniki ya Al Twar ilikuwa imebandika tangazo mlangoni likiwahimiza wanawake wapimwe saratani ya maziwa. Lakini Bi Swafiya alipowanong'oneza mapokezi kwamba anataka kutazamwa ziwa, wakamjibu: daktari wa kike yuko likizo, yupo Daktari Aidarus.

"Mwanamume?" Msellem alikuwa ameingia kukimbia joto, akasikia. "Kumbe si sukari?"

"Nina kivimbe, mwanangu. Ziwa la kushoto."

"Shusha sauti, mama! Leo wanakuja kumposa Zuwena. Wakisikia maradhi haya yamo kwenye damu yetu, nani atamchukua? Khalas, twende zetu."

Garini akaongeza kwamba la Mungu halina mwanya, hakuna daktari wa kulizuia. Bi Swafiya akageuka kumtazama.

"Marehemu baba yako alipougua moyo mlimpeleka mpaka Bangkok. Siku ile mbona hukuyasema hayo?"

Msellem akafungulia redio.

Alasiri wageni walikuja na udi wao na vicheko vyao. Nyumba ile, japo ya Dubai, ilikuwa bado inasema Kiunguja, na mama wa kijana anayeposa akauliza kwa upole, "Umekonda, Bi Swafiya. U mzima?"

"Si mzima. Nina kivimbe kwenye ziwa, na leo nimerudi bila kutazamwa."

 Mwanamke mmoja akatema "auzubillahi" kifuani mwake. Kahawa haikunywewa.

Magharibi simu ikalia. Wamesali istikhara kumwomba Mungu mwongozo, walisema wale wageni, haikutoka vizuri; posa basi.

"Umeridhika?" Msellem alifoka.

Zuwena alitoka chumbani macho mekundu, abaya mwilini, funguo za gari mkononi. Hakumbembeleza mtu.

"Kliniki bado i wazi. Yalla, mama."

"Ni mwanamume, mwanangu."

"Nitakaa humo humo ndani na wewe."

Daktari Aidarus alipapasa kwa vidole taratibu, uso wake ukabadilika, akarudia tena chini ya kwapa.

"Mama, hiki si cha jana. Ulikuwa unangoja nini?"

Bi Swafiya alifunga vifungo vyake kimoja kimoja.

"Ruhusa," alisema.