Wimbo kwa Kipimo cha Zanetta

Hapa Venisi mtunzi wa opera humpima mwimbaji kwanza, ndipo aandike. Maestro Trevisan, mtunzi wetu, alikuja kwetu asubuhi moja, akaketi kwenye kinanda, akampandisha na kumshusha sauti mke wangu Zanetta kwa nusu saa. Akanywa kahawa, akaondoka.

Mimi ni mnakili wa noti za jumba la opera, kwa hiyo wimbo aliomtungia niliuona kabla ya Zanetta. Ulikuwa mzuri, lakini haukuwa na noti hata moja ya juu sana. Maestro alikuwa amesikia kile ambacho mimi nilikisikia miaka miwili nikanyamaza.

Zanetta aliusoma akiwa amesimama.

"Huu wa nani?"

"Wako."

"Wangu? Huu ni wa yaya anayebembeleza mtoto! Kila atakayeusikia atajua. Msimu ujao watanipa kuimba mama mkwe."

"Unakukaa vizuri, mke wangu."

"Hata jeneza hukaa vizuri. Kalamu si unayo? Upandishe!"

Waimbaji wote huongeza madoido yao, na mtunzi hukaa kimya. Nilijificha nyuma ya desturi hiyo. Ningeweza kumwambia kwamba huko juu hakuna kitu tena. Sikutaka ugomvi. Nikaziandika noti alizotaka, kwa mwandiko wangu bora.

Kwenye mazoezi aliimba kwa kunong'ona, kama waimbaji wakubwa wote, eti anatunza koo. Siku ya ufunguzi sauti ilipanda, ikapanda, ikapasuka. Mtu mmoja kule viti vya juu akawika kama jogoo. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata wapiga fidla.

Maestro alinikuta nyuma ya pazia.

"Nilimshonea nguo ya kuficha kovu. Wewe ukaichana."

"Aliniomba, Maestro."

"Na wewe ni mumewe au karani wake?"



Kesho yake akaletwa binti kutoka Padova, wa miaka kumi na tisa. Maestro akampima, akaniita.

"Zile noti zako ziache humo humo. Huyu zinamkaa."

Nikanakili upya, jina la binti juu ya karatasi. Jioni hiyo akaimba, watu wakasimama wakishangilia.

Niliporudi, Zanetta alikuwa jikoni, mgongo kwangu.

"Amezifikia?"

"Amezifikia."

"Zote?"

"Zote."

Akaendelea kumenya kitunguu. Mwaka wa tatu sasa, hajaniuliza tena habari za jumba la opera.