Nyumba Isiyotoa Kitu

Mtoto mmoja wa mbwa ni raha. Wawili ni mchezo. Saba ni kazi ya kutwa, na asiyeamini aende Nambis akamuulize Kornelia, mke wa Evarist, ambaye kwa wiki kumi alikuwa akiamka ukungu bado uko mlangoni, kiuno kinamuuma, kwenda kukoroga sufuria la uji wa dona kwa ajili ya viumbe visivyojua kusema ahsante.

Walikula kwa fujo. Walijisaidia mlangoni, jikoni, na juu ya gunia la maharage ya mbegu. Walitafuna kandambili, mpini wa jembe na daftari la nyimbo la Evarist. Ukimtoa mmoja ndani ya sufuria, wawili wameshaingia na miguu yote. Viroboto walihamia kitandani. Mama yao, jike la kijivu waliloliita Tabu, maziwa yalimkauka wiki ya tatu, na tangu hapo alikuwa akipanda juu ya kichuguu na kuwaangalia wanawe kwa mbali kama mtumishi aliyestaafu. Kornelia alimwonea wivu.

Si kwamba watoto hao hawakuwa na wenyewe. Tabu alikuwa na sifa zake: mwaka juzi alimng'ang'ania fisi mguu zizini mpaka watu wakafika na mikuki. Alipoonekana tu ana mimba, watu wakaanza kuweka oda. Jirani yao Sulle alitaka dume. Judith wa mashine ya kusaga alitaka wawili. Katekista alitaja rangi kabisa, mweusi mwenye kifua cheupe, utadhani anachagua suti. Ilikubaliwa kwamba wakitimiza wiki sita, kila mtu aje kuchukua wake.

Wiki sita zikatimia. Hakuja mtu.

Sababu kila mmoja aliijua na hakuna aliyeitaja. Siku tisa kabla Tabu hajazaa, Kornelia na Evarist walimzika mtoto wao wa kiume wa miezi minne, aliyekufa kwa ugonjwa wa kifua akiwa bado ananyonya. Na tangu enzi za mababu wa Wairaqw, nyumba iliyozika mtoto anayenyonya hukaa kando. Wazee huiita hali hiyo metimani. Hamshikani mikono na watu, hamwendi kwenye harusi, hamwombi moto kwa jirani wala jirani haombi kwenu, na kitu cha nyumba hiyo hakitoki kwenda nyumba nyingine mpaka wazee waseme imetosha. Padri alishahubiri mara nyingi kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Watu waliitikia amina, wakatoka kanisani, wakazunguka njia ya juu wasipite karibu na lango la Kornelia. Hata katekista na suti yake alipunga mkono kutoka barabarani, akasema ana haraka.

Aliyeishika desturi hiyo kuliko wote alikuwa Efrazia, mama yake Evarist, mwanakwaya, rozari haitoki shingoni. Nyumba yake iko ng'ambo ya bonde, mlango unatazamana na mlango. Kila asubuhi Kornelia alimwona akitoka, anasimama, anaangalia upande wao, kisha anarudi ndani. Hakuvuka hata siku moja.

Kornelia hakuwa mtu wa kulalamika. Baada ya mazishi maziwa yake yaliendelea kuja kwa siku kumi na mbili, kwa ukaidi tu, akajifunga kanga kifuani na kwenda kukamua ng'ombe. Mbwa walipozaliwa, kazi ilimfunika mpaka kichwani, naye akaiacha imfunike. Sasa alikuwa amechoka uchovu ule ambao usingizi hauutoi. Alichotaka kilikuwa kimoja: mtu apite kwenye lile lango, apokee kitu kutoka mikononi mwake. Awe mbwa, iwe figili, chochote. Alikuwa ameanza kuamini kwamba mikono yake kweli ina ubaya.

Alhamisi jioni Evarist alivua mabuti, akakaa, akasema bila ukali wowote, "Jumamosi nawatia kwenye kiroba. Nawapeleka korongoni."

Ng'ombe wao alikuwa anatoa lita mbili, na zote mbili zilikuwa zinaishia kwa mbwa. Kornelia hakubisha. Aliwaza tu kwamba Jumamosi ikifika, kitu pekee kitakachokuwa kimetoka katika nyumba yake tangu msiba kitakuwa hicho kiroba.

Ijumaa mchana mtu akapiga hodi. Alikuwa mzee mrefu, shuka nyeusi begani, viatu vya matairi vimejaa vumbi jekundu la tambarare. Kornelia alimwamkia, akamkaribisha langoni. Mzee akajitambulisha kuwa ni Bura, mfugaji wa Dirma, na kwamba mnadani amesikia habari za mbwa aliyemshika fisi. Huko kwake fisi walishamaliza ndama wanne, na mbwa alionao wanabweka wakiwa wamejificha nyuma yake. Kisha akaomba kitu cha kunywa, maana amepanda mlima tangu asubuhi.

Kornelia aliingia jikoni, akajaza kikombe maziwa ya mgando. Akasimama nacho palepale. Mzee huyu hakuwa wa hapa, hakujua lolote. Angekunywa, angechukua mbwa, angekwenda zake, na hakuna ambaye angemwambia. Kornelia alilitamani jambo hilo, akatoka na kikombe mpaka langoni. Alikuwa ameshakinyoosha kwa mgeni aliposema:

"Mzee, usipokee kwanza. Nyumba hii imezika mtoto. Alikuwa ananyonya."

Bura akaurudisha mkono wake. Aliwaangalia wale mbwa waliokuwa wakipigania kipande cha kamba.

"Wa miezi mingapi?"

"Minne."

"Aliitwa nani?"

Hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Wa hapa walilijua jina na walilikwepa, na yeye na Evarist walikuwa hawalitaji hata chumbani.

"Tito."

"Tito," mzee akalirudia taratibu. "Pole sana, mwanangu. Na sisi tuna miiko yetu. Nikifika nitamwambia mama watoto, yeye atajua la kufanya. Lakini kiu ni ya sasa." Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho.

Aliondoka na wawili ndani ya shuka, vichwa nje, na njia nzima alisimama kuwaonyesha kila aliyekutana naye na kumwambia wametoka kwa nani.

Jumamosi asubuhi Sulle alikohoa langoni. Alisema mavuno yalimbana sana, ndiyo maana. Akachukua dume lake. Judith naye alikuja, akachukua mmoja badala ya wawili, akakataa kukaa, lakini alipokea kwa mkono. Kumbe watu hawakuiogopa nyumba kiasi hicho. Waliogopa kuwa wa kwanza. Katekista hakutokea. Evarist aliwaangalia watatu waliobaki, akakikunja kiroba, akaenda nacho shambani kuchimba viazi.

Saa sita Efrazia alivuka bonde. Kornelia alimwona tangu anaanza kushuka na fimbo yake, lakini hakuacha kukoroga, maana wale watatu walikuwa wanalia njaa. Alijiandaa kugombezwa. Alishapanga hata maneno: kosa ni lake, Evarist hakuwepo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Mama mkwe alisimama langoni akihema. "Nilikutana na yule mzee jana. Amesema ulimwambia kwanza, ndipo akanywa."

"Nilimwambia, mama."

Efrazia aliangalia chini. Alisema kwamba kabla ya Evarist yeye alizika wawili, na kwa yule wa pili alikaa kando mwaka mzima na miezi miwili. Alisema kila asubuhi alikuwa akitoka nje kuhakikisha moshi unatoka jikoni kwa mkwe wake, akiuona anarudi ndani, miguu inakataa kuvuka.

"Niliogopa," alisema. "Si wewe. Niliogopa nitakumbuka."

Aliingia ndani ya lango. Akamshika Kornelia mkono, na upawa ukiwa humohumo mkononi, akamvuta kutoka motoni.

"Kaa chini. Nitakoroga mimi."

Kornelia akakaa kwenye gogo. Mbwa mmoja alikuja kumtafuna kidole cha mguu, hakumfukuza. Akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu makaburini, na hapakuwa na kazi yoyote ya kumzuia. Nyuma yake uji ulianza kuungua, kwa sababu Efrazia naye alikuwa ameacha kukoroga.