Mbao za Adelard

Saa nne asubuhi, Jumamosi moja ya Machi 1968, jeneza la mninga lilikuwa juu ya madawati mawili mbele ya mahakama, Temeke. Watu walikuwa wengi, lakini aliyelisogelea ni dalali peke yake.

Kasimiri, fundi aliyelitengeneza, alisimama kando ya askari. Kwa miaka miwili alikuwa amefanya useremala bila kulipia leseni ya biashara. Aliitwa shaurini mara mbili. Mara zote mbili aliikunja karatasi ya mwito, akaiweka chini ya randa, akaendelea na kazi. Hakimu aliamuru alipe ada na faini, jumla shilingi mia moja na arobaini. Akishindwa, mali yake ipigwe mnada. Mnada usipotosha, miezi mitatu jela. Vifaa vya kazi sheria haikuruhusu vikamatwe, na ukiondoa vifaa, kibandani mwake mlikuwa na kitu kimoja tu.

Lilikuwa jeneza la Adelard, kuli wa bandarini aliyetoka Masasi. Kasimiri alimpima mwenyewe, kwa kamba. Kabla halijachukuliwa wakaja wakwe wa Adelard pamoja na shehe na mashahidi: marehemu alikuwa amesilimu. Akazikwa kwa sanda, jeneza likabaki. Watu wa kusini pale mtaani waliamini kwamba jeneza lililopimwa mtu likamkosa, humtafuta mwingine. Kasimiri alilisikia hilo kwa mama yake kabla hajajua kushika msumeno.

"Mia na arobaini!" dalali alipaza sauti. "Mninga mtupu, ndugu zangu! Halijaliwa na mdudu!"

"Lala humo wewe kwanza," mwanamke mmoja akamjibu, "tuone kama linakutosha!"

Watu wakacheka, huku wakirudi nyuma.

Aliyejitokeza alikuwa mwalimu Leodegar, mgeni kutoka Bukoba, ambaye mkewe Felicitas alikuwa mjamzito. Aligonga mfuniko kwa kidole.

"Fundi, hapa kitanda cha mtoto kinatoka?"

"Kinatoka, mwalimu. Na mbao zinabaki."

"Mbona watu wanalikimbia? Lina ubaya gani?"

Askari alikuwa akichezea pingu. Kasimiri alizitazama.

"Mbao ni mbao," alisema.

Mwalimu akalipa. Kasimiri akaachiwa.

Nyumbani, mkewe Eufrazia hakumpa pole wala hongera.

"Ulimwambia lilikuwa la nani?"

"Hakuuliza la nani."

"Sasa aliuliza nini?"

Kasimiri akaomba maji ya kunywa.

Kitanda alikitengeneza yeye, kwa kuwa ndivyo mwalimu alivyotaka. Alama ya penseli aliyoweka kwenye ubao, palipoishia miguu ya Adelard, ilikuwa imezama. Aliipiga randa, ikafifia, haikutoka. Ubao ule akaugeuza chini.

Mtoto alizaliwa Juni, akaitwa Anjelina. Tangu hapo Kasimiri akaacha njia yake ya kwenda kazini, akawa anapita nyuma ya nyumba ya mwalimu. Alisimama karibu na dirisha, akijifanya anafunga kamba za viatu, mpaka asikie mtoto akilia. Akisikia, anaondoka. Siku moja hakusikia kitu. Alikaa pale mpaka Felicitas akatoka na beseni la nepi.

"Shikamoo, fundi. Umepotewa na kitu?"

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Kalala. Kitanda chako kinambembeleza kuliko mie mwenyewe."

Desemba mtoto alishikwa na homa. Hospitali walisema malaria, akapigwa sindano, akapona. Hayo ndiyo yaliyotokea, na Kasimiri aliyajua yote. Hata hivyo Januari, mtoto akiwa ameshaanza kukaa, alikwenda kwa mwalimu na fedha zote alizoziweka kwa ajili ya leseni ya mwaka mpya.

"Fundi bwana!" Leodegar alicheka. "Unanunua kitanda ulichokichonga mwenyewe?"

"Nimepata mteja anayekitaka hichohicho."

"Mie nitamlaza wapi mwanangu?"

"Nakuletea kingine kesho, cha mvule. Bure."

Alikileta. Kile cha mninga alikivunja vipande, akavifunga kwa kamba na kuvipeleka kwa Shomari, mzee aliyetunza makaburi alikozikwa Adelard. Shomari alivitazama.

"Mwenyewe havihitaji, Kasimiri. Sie hatuziki na jeneza."

"Najua, mzee. Mie ndiye ninayehitaji vikae hapa."

"Basi chimba nje ya ua. Ndani sikuruhusu."

Alichimba nje ya ua, upande wa miguu ya Adelard. Ubao wenye alama aliuweka chini kabisa.

Machi 1969 aliitwa shaurini tena kwa kosa lilelile. Safari hii alikwenda siku ileile aliyoitwa.

"Mwaka jana uliponea chupuchupu," hakimu alisema. "Fedha za leseni umezipeleka wapi?"

"Nilinunua kitanda, mheshimiwa."

Chumba kizima kilicheka. Hakimu aliuliza kama kitanda hicho kinaweza kukamatwa na kuuzwa.

"Hapana, mheshimiwa. Hakipo tena."

Maofisa walikuwa wamekwenda kibandani. Walikuta randa, misumeno na patasi, ambavyo havikamatwi. Hakimu akaandika miezi mitatu.

Nje, Eufrazia alimpa shati la kubadilisha. Felicitas alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mtoto kiunoni. Kasimiri alimtazama mtoto. Alikuwa akitafuna kipande cha andazi. Askari akafungua mlango wa gari, na Kasimiri akapanda bila kuambiwa.