Kaka Ameshakubali

Mtu wa gesi alipofika mara ya kwanza shambani kwa mama mkwe wangu, hakutaja gesi hata kidogo. Alivua kofia, akafuta viatu mlangoni, akasema, "Jambo, Mama," akakaa pale alipoonyeshwa. Kwetu Bukoba "jambo" tumewaachia watalii, lakini kwa Wakongomani wa Kivu hiyo ndiyo salamu yenyewe, na mama mkwe, Mama Kostansia, alifurahi hadi akamkaangia ndizi.

Ilikuwa mwaka 2014, majani yakianza kupukutika. Shamba liko vilimani, mashariki mwa Ohio, mwendo wa saa mbili kutoka kwetu Columbus. Watoto watatu wa Mama Kostansia walilinunua kwa pamoja: Salomon, mkubwa wao, anayeishi Louisville karibu na bustani ya Iroquois na kufanya kazi kwenye ghala la vifurushi, Murhula, mume wangu, na Laurentine, kitinda mimba, anayesuka nywele Grant Street kule Buffalo. Mama alikuwa amechoka kukaa ghorofani. Alitaka udongo, mbuzi na maji yake mwenyewe. Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na chemchemi iliyovutwa kwa bomba hadi jikoni, na mama alipoyaonja yale maji siku ya kwanza alilia, akasema ni kama ya kwao. Tangu hapo kila aliyeingia alipewa kikombe cha maji hayo kabla ya kitu kingine chochote, na kukikataa ilikuwa kumtukana. Alisema atafia pale pale, na sote tulijua hatanii.

Muuzaji alikuwa amewauzia kila kitu, cha juu ya ardhi na cha chini yake. Hicho cha chini hatukukifikiria mpaka huyo mtu wa gesi, Bwana Wendell, alipokuja.

Bwana Wendell alikunywa kikombe chake, akayasifu maji, akaanza kuuliza habari za familia. Watoto ni wangapi? Mkubwa ni nani? Anaishi wapi? Akisema jambo, wadogo wanafuata? Murhula alitafsiri huku akitabasamu, na mama alijibu kwa fahari kwamba Salomon ndiye baba wa wote tangu mzee wao afariki, na neno lake halipingwi.

"Ule muzungu iko na adabu," mama alisema alipoondoka. "Anaulizaka batu kwanza."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono nimeikunja kifuani. Sikumpenda. Mtu anayetaka kujua nani humsikiliza nani anatafuta pa kukushika, na nilimwambia Murhula hivyo tukiwa garini. Akanijibu kwamba Watanzania tuna maneno mengi.

Mwezi uliofuata Bwana Wendell alikuja kwetu Columbus, Jumapili baada ya kanisa. Akaweka mezani mkataba mnene: kampuni ikodishe kilichomo chini ya shamba kwa miaka mitano, na baada ya hapo kwa muda wote gesi itakapokuwa inatoka, sisi tukilipwa mrabaha. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari mitatu ya sahihi. Miwili ilikuwa imeshajazwa.

"Kaka yenu ameshakubali," alisema. "Dada yenu pia. Umebaki wewe."

Murhula aliiangalia sahihi ya kaka yake, akachukua kalamu. Nilimpokonya.

"Soma kwanza, Baba Séphora."

"Yaya alisha kubali," akasema. Yaya ndivyo wanavyomwita kaka mkubwa. "Nisome ya nini?"

Basi nikasoma mimi, ukurasa kwa ukurasa, chai yao ikipoa. Nilipomaliza nikamwambia Bwana Wendell kwamba tuna masharti. La kwanza, lori, mashine wala gurudumu lolote lisikanyage shamba la mama. La pili, maji ya chemchemi yapimwe kabla hawajachimba, na yakiharibika kampuni ibebe mzigo. La tatu, miaka mitano ikiisha, iishe.

La kwanza alilikubali hata sijafunga mdomo. Aliliandika kwa mkono wake pembeni ya ukurasa, akatia sahihi chini yake, tena kwa furaha. Nimekulia sokoni, kwenye meza ya mama yangu, na najua kwamba mteja asiyebishana bei ameona kitu ambacho wewe hujakiona.

"Na maji?" nikauliza.

Hakunijibu mimi. Alimgeukia Murhula, akasema kwa upole kabisa, "Kaka yako hakuomba haya. Ukipenda, narudi Louisville nimwambie kwamba mkataba alioukubali yeye, mdogo wake anaona haufai."

Uso wa mume wangu ulibadilika. Kwao mdogo haombi zaidi ya alichopata mkubwa. Kufanya hivyo ni kumwita mkubwa mjinga mbele ya wageni, na huyu mgeni alilijua hilo kwa sababu aliambiwa, kwa ndizi za kukaanga, sebuleni kwa mama.

"Tumpigie kaka simu tumuulize," nikasema.

"Namuuliza namna gani? Namwambia ile sahihi yake siiamini? Hapana, Adelina. Basi leo mimi njo mukubwa?"

Akasaini. Ningekuwa na sufuria mkononi ningeirusha, na sijui ningemlenga nani kati yao wawili. Bwana Wendell alinishukuru kwa chai, akaaga vizuri, akaondoka na karatasi zake.

Gari lake halijapinda kona nilikuwa nimeshampigia wifi yangu.

"Wifi, mmekodisha chini ya miguu ya mama bila hata kutualika soda?"

Laurentine alicheka. "Mi nilisaini sababu yaya alikuwa alisha saini. Ule muzungu alikuya hapa kwangu Buffalo, akasema yaya alisha kubali, iko anangojea tu sisi badogo."

"Uliiona sahihi ya kaka kwa macho yako?"

Kicheko kikakatika. "Bon... hapana. Alisema iko mu karatasi ingine. Pale mi njo nilikuwa wa kwanza."

Ya Salomon aliniambia mkewe, Leya, kwa sauti ya chini ili mumewe asisikie. Bwana Wendell alimpelekea sahihi ya Laurentine. Salomon aliitazama, akaona kitinda mimba ameamua bila kumwuliza, na badala ya kupiga simu na kuonekana mkubwa asiyeambiwa kitu, akasaini upesi kama mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyekubali; kila mmoja aliheshimu uamuzi ambao hakuna aliyeufanya.

Nilimweleza Murhula. Aliniomba jambo moja tu: nisimwambie kaka yake kwamba tunajua.

"Aibu itamumaliza," alisema.

Tukanyamaza, familia nzima, kwa adabu zetu. Hadi leo nikikumbuka unyamavu ule natamani kupiga kelele.

Theluji ilipoyeyuka, vijiti vyenye utepe mwekundu vilichomekwa mlimani, hatua chache nje ya uzio wa mama, kwenye ardhi ya jirani. Ni upande wa juu, ule chemchemi inakotokea. Kisha yakaja malori, mengi hadi vumbi lake likawa linakaa juu ya nguo alizoanika mama. Wakasawazisha mlima, wakasimamisha mnara, wakachimba kwenda chini kisha wakakata kwa ubavu hadi chini ya shamba la mama, na ardhi ikaanza kutetemeka kwa chini chini, mtetemo unaousikia kwenye meno ukiwa umekaa mezani. Hakuna gurudumu hata moja lililokanyaga kwetu. Kampuni ilitimiza ahadi yake mpaka sentimita ya mwisho.

Murhula alimweleza mama kwa kujivunia hilo sharti la magurudumu. Mama alikuwa akipalilia lenga-lenga zake, mchicha wa kwao. Hakuinua kichwa.

"Bon. Na chini ya udongo, karatasi ilisema nini?"

"Chini njo tuliwapatia, Mama," alijibu.

"Na maji yangu inatokaka wapi?"

Murhula aligeuka kuutazama mlima. Mama aliendelea kupalilia, nami nikaingia ndani.

Pasaka ya 2016 tulikutana wote shambani. Nilipokuwa naingia niliwaona mbuzi wamesongamana kwenye beseni la maji ya mvua. Hori lao, lile la maji ya bomba, lilikuwa limejaa pomoni na hakuna aliyelisogelea.

Mama alitukalisha sebuleni, akatoka jikoni na jagi na vikombe. Alianza na Salomon, kama ada. Maji yalitoka meupe kidogo, yakachukua muda kutulia, na harufu yake ikanifikia nilipokaa: mafuta ya taa na yai bovu. Salomon alikitazama kikombe. Sote tulimtazama yeye. Akikataa, itabidi aseme kwa nini, na akisema kwa nini, itabidi tuseme yote.

Alikunywa hadi mwisho.

"Iko muzuri?" mama akamuuliza. Alisimama mbele yake na jagi, akingoja, na nilielewa kwamba alikuwa akingoja jambo hili kwa miezi mingi: mwanawe mkubwa aseme neno moja tu.

"Iko muzuri, Mama," Salomon akasema, macho chini.

Mama alishusha pumzi. Akammiminia Murhula. Mume wangu alinitazama mara moja, akanywa. Laurentine akanywa, machozi yakimlengalenga. Kisha mama akafika kwa binti yangu Séphora, mwenye miaka minane, aliyekaa kwenye mkeka karibu na miguu ya baba yake. Mtoto alinusa, akakunja pua, akawatazama wakubwa mmoja mmoja. Halafu akakiinua kikombe mdomoni.

Nilikipiga kikaruka. Maji yakamwagika ukutani, kikombe kikabingirika hadi miguuni kwa Salomon, na hakuna aliyeinama kukiokota.

"Hujasikia harufu?" nilimfokea Séphora.

"Nimesikia, mama," akasema. "Lakini baba ameshakunywa."