Mkwe, Mama Mkwe na Titi la Benedeta

Daktari Agwang alieleza njia mbili kisha akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikomtia Benedeta wasiwasi. Miaka yote aliyokwenda hospitalini Tororo, madaktari walimwambia la kufanya: meza hivi, rudi Jumatatu, punguza chumvi. Huyu alikuwa anamtazama tu, kama muuza nyanya anayemsubiri mteja achague fungu.

"Rudia tena, daktari."

Daktari akarudia. Uvimbe wa titi la kushoto ulikuwa saratani, ila ulikuwa bado mdogo. Njia ya kwanza ilikuwa kuondoa titi lote na kuchunguza tezi za kwapani. Tezi zikiwa safi, huenda mionzi isihitajike. Njia ya pili ilikuwa kuondoa uvimbe pamoja na nyama kidogo inayouzunguka, tezi zichunguzwe vilevile, na titi libaki. Lakini hapo lazima aende Kampala kupigwa mionzi, siku tano kila wiki, kwa wiki kadhaa, ili kama kuna mabaki ya ugonjwa yaliyojificha yafe.

"Ipi inaponya zaidi?"

"Kwa uvimbe kama wako, wanawake wa njia zote mbili wanaishi sawa. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

"Na ungekuwa wewe?"

"Ningekuwa mimi, titi lingekuwa langu," alisema Daktari Agwang. "Nenda ukafikirie. Usikae sana."

Benedeta aliuza dagaa sokoni Busia, na mumewe Herbert alikuwa seremala kule Lumino. Herbert alipopewa habari aliweka randa chini, akakalia kitanda cha mteja ambacho hata msasa hakijapigwa, akakaa hapo mpaka giza likaingia. Mwisho aliuliza kama amekula. Kuhusu titi hakusema kitu.

Waliosema walikuwa wengine. Jumapili mama yake Benedeta, Apendi, alishuka kutoka Tororo na mwanawe Obbo, bila kuitwa, kuja kuamua. Na hapo shida ilianza, kwa sababu Apendi na Herbert hawakuwa wametazamana usoni tangu harusi. Ndivyo heshima ilivyo kwa Wasamia, kabila la Herbert, na kwa watu wa Tororo pia: mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia shambani kwa watu. Herbert alikuwa amekanyaga mihogo mingi ya jirani kwa sababu hiyo.

Basi Apendi akakaa sebuleni na Benedeta. Herbert akakaa nje juu ya ndoo, nyuma ya ukuta. Obbo akawekwa dirishani kupitisha maneno.

"Likatwe lote," Apendi alianza. "Panya akiingia kwenye gunia, unatupa gunia."

"Mama, hili si gunia," alisema Benedeta.

"Mimi naona libaki," alisema Obbo. "Tumfikirie na shemeji. Yeye ni mwanamume."

"Basi muulize."

Obbo akatoa kichwa dirishani. Huko nje walinong'ona kwa muda mrefu, na kichwa kiliporudi ndani kilikuwa kinatoka jasho.

"Shemeji anasema ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo kwa jumla."

"Obbo, mtu hanong'oni hivyo kwa neno moja. Amesema nini?"

Obbo alitazama dari. Kutamka neno titi mbele ya mama yake, tena kwa niaba ya mkwe wake, kulimshinda. Mwishowe sauti ya Herbert ikapita yenyewe ukutani, juu kuliko alivyokusudia.

"Nimesema sikuoa titi. Nilioa Benedeta. Wakate wanachotaka, wakate yote mawili, mradi yeye arudi nyumbani."

Kuku waliokuwa uani walisogea. Apendi aliivuta kanga yake, akaipanga upya begani.

"Obbo," alisema, "uambie huo ukuta kwamba umesema vizuri."

Benedeta akainuka. Alikuwa anataka kucheka na kulia, na hakujua kipi kingetoka kwanza.

"Mmemaliza? Titi nabaki nalo. Daktari amesema uhai ni sawa kwa njia zote, basi hili linalobaki ni la kupenda tu, na mimi nalipenda. Kampala nakwenda hata kama ni mbali."

Obbo alionekana mtu aliyeshushiwa mzigo.

Benedeta alipasuliwa Tororo. Siku za kungoja majibu ya maabara ndizo zilizokuwa mbaya kuliko kisu. Alipima dagaa za watu vibaya akili ikiwa kwingine, na wateja walirudi kumshukuru. Majibu yakaja: nyama iliyozunguka uvimbe ilikuwa safi kila upande, na tezi zilikuwa safi. Sasa ni mionzi.

Kampala alifikia kwa binamu yake Jovia, na aliyemsindikiza ni Apendi. Herbert aliambiwa abaki na kazi. Alibaki wiki moja tu, kisha akaja akalala kwa fundi mwenzake, na kila asubuhi alikuwa hospitalini, kwenye benchi nyuma ya nguzo. Upande wa pili wa nguzo alikuwa Apendi. Kila mmoja alijua mwenzake yupo. Nguzo haikuwa nene, kwa hiyo walikaa wakiwa wamejibana kama watu wanaokwepa mvua.

Mionzi yenyewe haikuuma. Kijana mmoja mpole aitwaye Paddy alimlaza kwenye meza ngumu, mikono juu, akamchora alama za wino kifuani ili mashine ilenge palepale kila siku, kisha akatoka. Mashine ikamzunguka ikivuma, ikanyamaza, basi.

Apendi alitaka uhakika kutoka kwa Paddy. "Hiyo mionzi inabaki mwilini? Nalala naye kitanda kimoja."

"Hapana, mama. Inaingia, inafanya kazi, inaondoka."

"Afadhali kuliko Obbo," alisema Apendi. "Yeye anaingia, anakula, anabaki."

Jioni hiyo alimwogesha binti yake, akaona mistari ya wino kifuani, akaisugua kwa dodoki na sabuni ya mche mpaka ikaisha. Kesho yake Paddy alisimama akitazama kifua kisicho na alama hata moja.

"Nani amefuta?"

"Ilikuwa uchafu," alisema Apendi kutoka mlangoni. Kisha, baada ya kuelezwa kazi ya alama, akasema labda ni yule mtu wa nyuma ya nguzo. Paddy akapima upya, akachora upya, na Apendi akapigwa marufuku kushika sabuni.

Kadiri siku zilivyosonga ngozi ilizidi kuwa nyeusi kama iliyochomwa na jua, na uchovu ukaja. Asubuhi moja, wakishuka ngazi za hospitali, magoti ya Benedeta yakalegea. Apendi akamdaka mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ukadakwa na mtu aliyetokea mbio nyuma ya nguzo. Juu ya kichwa cha Benedeta, mkwe na mama mkwe wakatazamana, na hakuna aliyeweza kuachia.

"Habari, mama," alisema Herbert, kwa kukosa lingine.

"Mshike vizuri," alisema Apendi. "Ukimwangusha nitakutazama tena."

Wakamshusha hivyo, ngazi kwa ngazi, wakamkalisha, wakamnywesha chai. Herbert alimwaga nusu. Apendi alimwambia ni kawaida.

Mionzi ikaisha, ngozi ikabambuka na kupona. Daktari Agwang alimkagua Tororo, akasema haoni kitu cha kutisha, ila ameze kila siku, kwa miaka, vidonge vya kuzuia ugonjwa usirudi, na asikose kurudi kupimwa. Benedeta alitoka pale akanunua muwa, akautafuna njia nzima akiwa peke yake.

Suala la heshima iliyovunjwa pale ngazini liliwafikia wazee wa pande zote mbili, wakakutana Buhehe. Walisema aliyemtazama mwenzake kwanza atoe mbuzi. Herbert alisema ni mama. Apendi alisema ni mkwe, tena alimtolea macho kabisa. Wakamwita Benedeta, aliyekuwa katikati, awe shahidi.

"Mimi nilikuwa natazama ngazi," alisema Benedeta.

Wazee walikuwa wameshakaa, na njaa imewashika. Kwa kuwa aliyetazama kwanza hakujulikana, mbuzi akatolewa na Obbo.